Mtu Aliyeitia Bahari Katika Kioo

Mhariri wa gazeti letu ameniomba mimi, mwanafunzi wa zamani, niandike maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha kufa zamani. Najua vijana wengi hupenda habari za majemadari na wafalme. Mimi nimemchagua mtu ambaye hakushika upanga wala hakutawala hata kijiji kimoja. Jina lake ni Philip Henry Gosse, Mwingereza, na neno akwariamu, ambalo leo watu hulitumia kwa tangi la kioo la kufugia samaki, lilienea duniani kwa sababu ya kitabu chake. Tena ninayo sababu yangu mwenyewe ya kumchagua. Nilifuata maandishi yake nikaua matumbawe yangu, kisha nikayasoma mara ya pili kwa makini nikaona kwamba kosa lilikuwa langu. Nitafika huko.

Gosse alizaliwa tarehe 6 Aprili 1810 katika mji wa Worcester, akalelewa Poole, mji wa bandari ulioko kusini ya Uingereza. Baba yake alikuwa mchoraji wa picha ndogo ndogo za sura za watu, akizunguka mji hata mji kutafuta kazi, na aghalabu alirudi nyumbani mikono mitupu. Mama yake ndiye aliyeishika nyumba. Lakini kwa baba yule maskini kijana alirithi ufundi wa kuchora vitu vidogo kwa brashi nyembamba, na ufundi huo ulimlisha baadaye. Shangazi yake mmoja, mwenye kupenda viumbe, ndiye aliyemwonyesha kwanza wale wanyama wa baharini wafananao na maua, waitwao anemoni, ambao hujishika mwambani na kukamata chakula kwa mikono yao mingi.

Mwaka 1827, akiwa na miaka 17, alipelekwa ng'ambo ya bahari, Newfoundland, kuwa karani katika nyumba ya wafanya biashara ya samaki. Alikaa huko miaka minane. Mwaka 1832 alinunua kitabu cha habari za darubini ya vitu vidogo, na tangu siku hiyo akawa mtu mwingine: kazi ya ukarani mchana, wadudu jioni. Kisha akaenda Kanada kulima, na kilimo kikamshinda. Mwaka 1838 akashuka mpaka Alabama, Marekani, akafundisha watoto wa wenye mashamba. Huko aliuona utumwa kwa macho yake, na roho yake ikauchukia. Hakumaliza mwaka. Akarudi Uingereza mwaka 1839, hana fedha, hana kazi, ana mswada mmoja tu mkononi, alioandika habari za viumbe vya Kanada. Mchapishaji mmoja wa London, John Van Voorst, akaupenda, akaahidi kumlipa gini 100. Husimuliwa kwamba Gosse aliposikia hayo alilia machozi palepale.

Mwaka 1844 alisafiri kwenda Jamaika kukusanya ndege na wadudu, akakaa mwaka mmoja na nusu hivi mahali paitwapo Bluefields. Hapo alimwajiri kijana Mwafrika wa kisiwa kile, Samuel Campbell, mwenye umri wa miaka 18. Kijana huyo alikuwa na jicho kali na mkono mwepesi, naye Gosse aliandika waziwazi katika vitabu vyake kwamba mambo mengi aliyaona Samuel. Natamani wasomi wengine wa zama zile wangefanya vivyo hivyo kwa vijana waliowabebea mizigo.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mwaka 1852 Gosse aliugua kwa kufanya kazi kupita kiasi, na waganga wakamwambia aondoke London. Akaenda pwani ya Devon pamoja na mkewe Emily na mtoto wao Edmund. Pwani ile maji yakipwa huacha vidimbwi katikati ya miamba, na ndani yake mna mwani wa rangi nyingi, kamba, kaa, anemoni na konokono. Huko Ilfracombe aliingia majini wakati wa bamvua, akapata tumbawe dogo jekundu lenye mikono ya rangi ya dhahabu, ambalo hakuna mtaalamu aliyekuwa amelieleza. Yeye akaliita Balanophyllia regia, na hata leo ndilo jina lake.

Lakini kuona kiumbe kidimbwini si sawa na kukitazama kutwa nzima mezani. Watu wengi walikuwa wamekwisha jaribu kuweka wanyama wa baharini ndani ya mabakuli, na baada ya siku chache maji yalinuka na wanyama wakafa. Sababu ni hii. Mnyama akipumua hutumia oksijeni iliyomo majini na kutoa hewa ya ukaa. Oksijeni ikiisha, hufa. Njia ya pekee waliyoijua watu ilikuwa kubadili maji, na mtu akaaye mbali na pwani atayatoa wapi?

Hapa lazima nimtaje Bibi Anna Thynne, maana ameonewa na historia. Mwaka 1846 alichukua matumbawe hai pwani ya Torquay akaenda nayo nyumbani kwake London. Kila siku mtumishi wake alimimina maji yale kutoka chombo kimoja hadi kingine mbele ya dirisha lililo wazi, ili yavute hewa. Ndiyo kazi ile ile ambayo leo pampu ndogo ya umeme huifanya usiku na mchana. Mwaka uliofuata akaongeza mwani. Matumbawe yake yaliishi miaka mitatu. Gosse mwenyewe alisaidia kuichapisha habari hiyo mwaka 1859.

Wa pili ni Robert Warington, mwana kemia wa London. Mwaka 1850 alionyesha kwamba katika tangi la maji baridi, samaki, mimea na konokono vikiwekwa kwa kadiri, maji hayahitaji kubadilishwa. Mmea ukipata mwanga hula ile hewa ya ukaa na kutoa oksijeni, na konokono hula majani yaliyooza na utando wa kijani uotao kwenye kioo. Kisha akajaribu maji ya bahari.

Gosse alikuwa akijaribu jambo hilo hilo upande wake, na tofauti yake na hao wawili ni kwamba alijua kuandika na kuchora. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba yenye matangi ya kioo, ya kwanza kuonyeshwa kwa watu wote, na Gosse akaenda Weymouth kukusanya viumbe na kuvituma kwa gari la moshi. Mwaka 1854 akatoa kitabu chake juu ya akwariamu, chenye picha za rangi alizozichora mwenyewe. Watu wakakinyang'anyana.

Katika mwaka huo huo alifanya jambo ambalo sisi watu wa bara tungelipaswa kumshukuru kwalo. Alitengeneza maji ya bahari bila ya bahari. Alichukua hesabu iliyofanywa na mwana kemia mmoja juu ya maji ya mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, akapima chumvi ya mezani aunsi tatu na nusu, chumvi ya haluli robo aunsi, kloridi ya magnesiamu greni 200, na kloridi ya potasiamu greni 40, akaviyeyusha katika maji yapatayo lita nne na nusu. Kwa vipimo vyetu hizo ni kama gramu 100, 7, 13, na 2 na nusu. Hakutia wanyama mara moja. Alianza na mwani na mawe, akangoja, na maji yalipotulia ndipo akatia viumbe. Wakaishi.

Miaka michache iliyopita nilisoma habari hizo nikaona nimepata hazina. Mimi nakaa Kampala, na kutoka hapa hadi bahari ya Mombasa ni zaidi ya kilometa elfu moja. Rafiki yangu mwenye tangi kubwa alikuwa amenipa vipande viwili vya matumbawe na konokono watatu. Nikanunua chumvi, nikapima kwa mizani kama alivyopima Gosse, nikayeyusha katika maji ya bomba. Kipima chumvi kikaonyesha vema kabisa. Nikajiona mtaalamu. Katika juma la pili konokono walilegea wakaanguka kutoka kwenye kioo, na nyama ya matumbawe ikaanza kujivuta kutoka kwenye mfupa, pole pole, mpaka ukabaki mfupa mweupe. Kila asubuhi nilikwenda kutazama kabla ya kunywa chai, na kila asubuhi weupe ulikuwa umeongezeka.

Ndipo nikarudia kitabu. Gosse alieleza bayana alichokiacha: chokaa. Aliona kwamba katika maji ya bahari imo kidogo tu, tena maji ya London yanayo ya kutosha. Na kweli London huteka maji mazito, yaliyopita katika ardhi ya chokaa, yale yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika. Lakini maji ya bomba ya Kampala hutoka Ziwa Victoria, nayo ni maji mepesi, yana chokaa kidogo mno. Gosse hakudanganya. Aliandika kwa maji ya kwao, mimi nikatumia ya kwetu.

Basi niwaeleze vijana wa kidato cha kemia yale niliyojifunza kwa hasara. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi za namna zote gramu 35 hivi. Katika hizo, kalsiamu, yaani asili ya chokaa, ni kama miligramu 410 tu, na magnesiamu ni kama 1,290. Kwa lita zile nne na nusu za Gosse, kalsiamu yote haifiki gramu 2. Ni kidogo, lakini tumbawe hujenga mfupa wake kwa kalsiamu na kaboneti, na pasipo hivyo ni fundi asiye na mawe. Vitu hivyo viwili hupungua kila siku kadiri tumbawe linavyokua, hivyo mfugaji hupima na kurudisha: kloridi ya kalsiamu kwa upande mmoja, na soda ya kuokea mikate kwa upande wa pili. Visitiwe pamoja kwa wakati mmoja, maana vitashikana na kuanguka chini kama unga wa chaki, ambao haumfai tumbawe wala mtu. Na magnesiamu ikipungua, kushikana huko huja upesi zaidi. Siku hizi chumvi ya matumbawe huuzwa ikiwa imekwisha changanywa yote, na anayeanza afadhali ainunue kuliko kujifanya Gosse.

Jambo la kungoja nalo lina maana ambayo Gosse hakuijua. Uchafu wa wanyama hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kuna bakteria waigeuzao amonia kuwa naitraiti, nayo ni sumu pia, na bakteria wengine waigeuzao naitraiti kuwa naitreti, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Bakteria hao hukaa juu ya mawe na mchanga, nao huchukua majuma kadha kuongezeka. Mimi husubiri manne hadi sita. Mawe na mwani wa Gosse bila shaka viliwaleta naye asijue. Na aliyesaidia kuonyesha kwamba kazi hiyo hufanywa kwa hatua mbili, na viumbe vya namna mbili, alikuwa mwana kemia aitwaye Robert Warington, mtoto wa yule yule Warington wa samaki na konokono! Baba alitazama hewa, mwana akatazama uchafu, na tangi likakamilika kati yao.

Kuhusu mwanga, watu wa zama za Gosse hawakuwa na umeme nyumbani. Waliweka tangi dirishani. Jua likiwa kali, maji yalipata moto na kugeuka kijani kama supu. Likikosekana, mwani ulikufa na wanyama wakafuata. Warington akaona kwamba baharini nuru hutoka juu, haitoki ubavuni, akatengeneza tangi lenye mgongo wa mteremko na kuta zisizopitisha mwanga. Matumbawe madogo ya Uingereza, kama lile la rangi nyekundu na dhahabu, hayakusumbua, maana hula kwa mikono yao na hupenda vivuli. Matumbawe ya bahari zetu za joto ni mengine. Mengi yao yana viumbe vya kijani na kahawia ndani ya nyama yao, vidogo visivyoonekana kwa macho, vifanyavyo kazi ya majani na kumlisha mwenye nyumba. Tumbawe la namna hii likiwekwa chini ya taa ya sebuleni hufa njaa, hata maji yawe safi namna gani. Na kwa kuwa ndani ya maji ya bahari nuru ya buluu ndiyo ifikayo chini zaidi, taa zake huwa na buluu nyingi. Mimi huwasha kwa saa 8 au 9, na tumbawe jipya hulianzisha mbali na taa, maana hata wao huunguzwa na kile wanachokitamani. Joto nalishika kwenye digrii 25 au 26.

Nimrudie Gosse. Kitabu chake kilizusha wazimu nchini Uingereza. Kodi ya vioo ilikuwa imeondolewa mwaka 1845, vioo vikawa rahisi, na reli ikafika pwani. Kila nyumba yenye uwezo kidogo ikataka bahari yake sebuleni. Mwaka 1856 akachaguliwa katika chama cha wataalamu wakubwa kabisa wa Uingereza, mtu ambaye hakusoma chuo kikuu chochote. Naye alipokuwa juu hivyo, Emily akashikwa na saratani ya titi. Aliteseka kwa miezi mingi na dawa zilizokuwa zikimchoma kuliko ugonjwa, akafa Februari 1857. Edmund alikuwa na miaka saba.

Mwaka huo huo Gosse, ambaye alikuwa mtu wa dini ngumu, alitoa kitabu cha kujaribu kupatanisha miaka ya miamba na maneno ya Biblia. Alisema Mungu aliumba dunia ikiwa na alama za ukale ambao haukuwako. Wenye dini hawakukipenda, wenye elimu wakakicheka. Hata rafiki yake Charles Kingsley, padre na mwandishi, hakuweza kumtetea. Mimi naona hakikuwa kitabu chema, lakini pia naona mtu aliyefiwa na mke asingepaswa kuchekwa kwa namna ile. Akahama London, akaenda kukaa Torquay, hatua chache kutoka pwani, akaandika kitabu chake kikubwa cha anemoni na matumbawe ya Uingereza, kilichotoka kati ya 1858 na 1860. Alioa tena mwaka 1860, na Eliza, mke wa pili, akawa mama mwema kwa mtoto.

Huko ndiko alikoyaona matunda ya kazi yake. Edmund, ambaye baadaye alikuwa mwandishi mkubwa, alisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1907 jinsi yeye na baba yake walivyokuwa wakishuka miambani, baba akivaa viatu virefu na kuingia majini mpaka kifuani. Mwanzoni vidimbwi vile vilikuwa kama bustani ambazo hakuna aliyezigusa tangu kuumbwa. Kisha wakaja wasomaji. Walikuja kwa reli wakiwa na ndoo, nyundo na patasi, na kitabu cha Gosse mfukoni, wakang'oa anemoni na matumbawe, wakageuza mawe wala wasiyarudishe. Viumbe wengi waliochukuliwa walikufa njiani, na waliobaki wakafa katika mabakuli ya watu wasiojua hewa, chumvi wala mwanga. Miaka michache tu ikatosha, vidimbwi vikawa vitupu. Gosse alijua ni nani aliyewaonyesha njia. Alikuwa ameandika kwa kuwapenda viumbe wale, na mwanawe asema lilimhuzunisha sana.

Baada ya hapo akageukia viumbe wadogo mno wa majini, waonekanao kwa darubini tu. Alifariki dunia Torquay tarehe 23 Agosti 1888, akiwa na miaka 78.

Siku hizi biashara ya matumbawe ya mawe kutoka nchi hata nchi haifanywi bila kibali, kwa mapatano ya mataifa juu ya viumbe vilivyo hatarini, na wafugaji wengi hukuza vipande vilivyokatwa kutoka katika matumbawe ya matangini, wakagawiana kama tugawianavyo vipandikizi vya muhogo. Rafiki yangu alinipa kipande kingine baada ya mimi kumwonyesha kipimo changu cha kalsiamu. Bila hicho alikataa katakata. Kina miaka miwili sasa. Mwezi uliopita nimekikata, nikakipeleka kipande cha pili katika maabara ya shule yetu, nikamkabidhi mwalimu wa kemia pamoja na vichupa vya kupimia. Kimekaa upande wa kushoto wa mlango, chini ya taa ya buluu. Tafadhali msiwashe taa hiyo usiku.